Mbwa Niliyemfungua Mwenyewe

Seva yangu ilikuwa ikikata roho kila usiku saa nane na dakika mbili, na dakika nne baadaye inafufuka yenyewe, safi kabisa, kama mtu aliyetoka kuoga. Ilikuwa inaendeshwa na mfumo wa Linux, na nilishajisifia mbele za watu kwamba mashine zangu huwa hazizimiki ovyo. Basi tena.

Nikaanza na RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, kwa sababu RAM ndiyo inayosingiziwa kwanza. Ilikuwa ya ECC, ile inayosahihisha kosa la biti moja na kuliandika, na hesabu ya makosa kwenye kerneli, kiini cha Linux, ilikuwa sifuri. Sikuiamini sifuri. Nikaiwasha seva kwa Memtest86+, programu ya kupima RAM inayojiendesha yenyewe bila Linux, usiku kucha, nikalala. Asubuhi hakuna kosa hata moja, na kizuri zaidi, usiku ule seva haikuanguka kabisa. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza: mbona haianguki Linux isipokuwepo? Mimi nilihitimisha kwamba memtest imeitibu.

Usiku uliofuata, saa nane na dakika mbili, chali.

Nikaamua kubadilisha RAM yote. Seva iko mbali na mimi, kwa hiyo nilimpigia simu kijana wa zamu kwenye chumba cha seva. Kabati lina mashine kumi na mbili zinazofanana kama mapacha. Nikamwambia usihangaike na lebo, nakuwashia taa ya buluu. Seva hizi zina kidhibiti kidogo kilichomo ndani, BMC, chenye anwani yake ya mtandao (IP), kinachofanya kazi hata mashine ikiwa imezimwa. Nikaandika amri ya `ipmitool` ya kuitambulisha mashine.

"Umeiona?"

"Nazunguka nyuma, kaka. Hapana, sioni taa."

Nikaiwasha tena. "Sasa?"

"Niko nyuma, nasikia kama kuna kitu kimemulika mbele. Narudi mbele. Hakuna kaka."

Nikasikia viatu vyake vikikimbia kuzunguka kabati. Mara ya nne alikuwa anahema. Mara ya sita akaniuliza kwa upole kama nina ugomvi naye. Ndipo nikasoma maelezo ya ile amri: usipotaja muda, taa inawaka sekunde 15, kisha inajizimia. Kulizunguka lile kabati, na nyaya zote zile sakafuni, kulimchukua kama sekunde 20. Nikaongeza neno `force`, taa ikaganda, na kijana akasema "Aaah" ya mtu aliyekwisha kusamehe lakini hatasahau.

RAM mpya ikaingia. Saa nane na dakika mbili, chali.

Sasa nikafungua daftari la matukio la BMC, ambalo kwa kweli ningelifungua siku ya kwanza. Mistari ilikuwa mingi na yote ilisema jambo lilelile: kipima muda cha ulinzi kimekwisha, mashine imewashwa upya kwa nguvu. Kule tunakiita mbwa mlinzi, watchdog. Lakini tarehe ilikuwa Januari 1, 1970! Nikacheka. Tukio la 1970, sijazaliwa hata, linanihusu nini? Nikalifunga. Kwamba saa ya BMC haikuwahi kuwekwa, na kwa hiyo kila jambo linaandikwa mwaka ambao Unix, babu wa Linux, huanza kuhesabu sekunde, halikunijia kichwani hadi nilipokuwa napiga mswaki.

Hata hivyo nikataka kuliona tukio kwa macho yangu. Nikaingia kwa SSH, njia ya kuingia mashine ya mbali, kwenye kompyuta ya katikati, na kutoka pale nikafungua konsoli ya seva kupitia BMC, ile inayokuonyesha kila herufi mashine inayotema hadi pumzi ya mwisho. Saa saba na dakika 59 nikaona skrini imeganda, nikabonyeza alama ya kutoka, tildi na nukta (`~.`), ili niingie upya. Sasa tildi na nukta ndiyo alama ya kutoka kwenye SSH pia, na SSH ndiyo iliyoisikia kwanza. Ikanitupa nje. Kuandika nenosiri, kukosea, kuandika tena, kutafuta ile amri ndefu: niliporudi nilikuta seva inahesabu RAM zake mpya.

Usiku wa tatu sikugusa kitu, hata pua sikujikuna. Saa nane na dakika mbili ukatoka mstari mmoja: kifaa cha mbwa mlinzi kimefungwa bila kuaga, mbwa hazuiliwi. Sekunde kumi baadaye, giza.

Mbwa huyu ni faili, `/dev/watchdog`. Programu ikilifungua inatakiwa iendelee kuliandikia, ndiyo kumlisha. Ikitaka kuondoka iandike herufi V kwanza. Ukifungua na kufunga bila V, mbwa anaelewa kwamba bwana wake amekufa, anahesabu, kisha anaiwasha mashine upya. Nilikuwa nimepakia dereva wake, programu inayomwendesha, mwezi mmoja nyuma, kwa nia ya kumtumia "baadaye". Lakini nani anamfungua saa nane usiku?

Nikaangalia cron, ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe. Saa nane kamili kulikuwa na skripti ya kuorodhesha vifaa: inapita kila faili la `/dev`, folda ya vifaa, inasoma baiti 16, inasubiri sekunde moja, inaendelea. Inaanza na A, inapita tty (faili za skrini za maandishi) zote zile, ndiyo zile dakika mbili, inafika W. Baada ya W hakuna tena cha maana, kwa hiyo orodha ilikuwa inatoka karibu kamili kila siku, na nilikuwa naisoma asubuhi na kuridhika.

Nikaifungua nimwone mwandishi. Mstari wa kwanza jina langu. Mstari wa pili: `# salama, inasoma tu`.

Kijana wa zamu alipiga jioni ile kuuliza zile RAM za zamani, nzima kabisa, azipeleke wapi. Nikamwambia aziweke karibu. Akaniuliza karibu na seva ipi.

"Nakuwashia taa," nikasema.

Akakata simu.