Msimfyeke Dogberry

Tamthilia ya Shakespeare, Much Ado About Nothing, ikifupishwa tu jukwaani, wa kwanza kuguswa panga ni Konstebo Dogberry na mgambo wake. Eti vichekesho vya kujazia muda. Hivi wanaofyeka wamesoma tamthilia au muhtasari?

Tendo la 3, onyesho la 3: Borachio anamsimulia mwenzake Conrade alivyovuna dukati (sarafu) 1,000 za Don John, mwovu wa tamthilia, kwa kumchafulia jina Hero, bibi harusi. Mgambo wamesikia, wakawakamata. Hawa ndio walioelekezwa na konstebo wao kwamba mtu akikataa kusimama, mwacheni aende, mshukuru Mungu mmeondokewa na mhuni. Kulala lindoni ruksa, mradi silaha zisiibiwe. Na bado kesi wameinasa kabla ya ndoa!

Sasa njoo onyesho la 5. Asubuhi ya harusi Dogberry yuko kwa Leonato, baba wa Hero. Sentensi moja ingetosha. Yeye anaanza kumsema Verges, msaidizi wake, kwamba uzee umempunguzia akili, anachomekea methali, anazunguka. Akiambiwa anachosha, anadhani kasifiwa: hata angekuwa mchoshi kama mfalme, uchoshi wote angempa mheshimiwa. Habari yenyewe inatoka imepinda, kama vile kusema tumekamata "washukuriwa" wawili, badala ya washukiwa. Leonato ana haraka. Anawaambia wawahoji wenyewe, anakwenda zake kanisani, na huko Hero anaumbuliwa mbele ya watu. Fyeka hapo, mtazamaji hatajua kwamba ukweli ulishafika mlangoni ukakosa mtu wa kuusema.

Waigizaji nao! Dogberry hajui kama anakosea, kwa hiyo kukonyeza watazamaji ni kumuua. Neno lililopinda litamkwe kwa fahari, wazi, bila kusita, kisha kimya cha nusu pumzi. Anapomtishia Borachio kwamba atahukumiwa "ukombozi wa milele", akimaanisha laana, uso uwe wa jaji. Ukijiangusha na kuvuta suruali, watu watacheka suruali.

Haya, utani wa Deformed, yule mwizi asiyekuwepo, aliyetokana na mgambo kusikia vibaya, umechakaa. Punguzeni huo.

Lakini onyesho la kuhoji msiliguse. Chapa ya mwaka 1600 imeacha humo majina ya Kemp na Cowley, wachekeshaji wenyewe, mahali pa Dogberry na Verges. Shakespeare aliandika akiwaona hao. Na karani apewe mwigizaji makini. Ndiye anayeagiza mashahidi waitwe, ndiye anayewahi kwa Leonato na maelezo yao, huku konstebo akilalamika kwamba karani kaondoka bila kumwandika kuwa ni punda.