Mshenga mwenye ganzi

Jamani mimi nimefungua soda kwa meno tangu nina miaka kumi na mbili. Soda, bia za watu (mi mwenyewe sinywi), hakuna kifuniko kilichonishinda, Temeke mtaani walikuwa wananiita Opena. Halafu jino lililofungua chupa zote hizo likaja kuvunjikia Coco Beach kwa muhogo. Muhogo wa kukaanga bhana, laini kabisa, na pilipili yake, nauma hivi nasikia ka! nikajua mchanga, kumbe nusu ya gego langu la chini kushoto ndo hiyo ipo kwenye kachumbari.

Nikaenda kwa daktari wa meno Kariakoo nikamwambia dokta we ng'oa tu tumalizane. Akasema hapana, mizizi bado mizima, ukiling'oa yale ya jirani yataanza kulalia kwenye pengo na la juu litashuka, tusafishe mizizi halafu tulivishe kofia. Nikadhani ananitania. Kumbe ndo kraun yenyewe hiyo, jino linasagwa pande zote linabaki kama kisiki, unang'atishwa udongo fulani laini linapigwa chapa, chapa inaenda kwa fundi wa maabara anatengeneza ganda la jino jipya, chuma ndani kauri nje, linakuja kubandikwa juu ya kisiki. Laki tatu na nusu. Nikamwambia dokta, hata kofia ya kiua iliyoshonwa kwa mkono haifiki bei hiyo. Hakucheka, nadhani anaambiwa kila siku.

Kusafisha mizizi naruka, yale mambo ya vijisindano kuzungushwa ndani ya jino sitaki hata kuyakumbuka. Twende siku ya kusaga. Ilipangwa Jumamosi saa tatu asubuhi, na Jumamosi hiyohiyo saa tisa alasiri tunapeleka posa ya mpwa wangu Rama, Mbagala Rangi Tatu, na mshenga ni nani? Mjomba mtu, mimi. Nikapiga hesabu zangu, saa tatu mpaka saa nne na nusu nimeshamaliza, naenda home naoga navaa kanzu nawahi. Nimekaa Dar miaka arobaini na moja na bado napiga hesabu za namna hiyo.

Foleni. Halafu umeme ukakatika. Halafu jenereta likagoma kwanza. Nimeingia kwenye kiti saa saba kasoro. Dokta anachukua sindano ya ganzi namwambia si ulisema jino lenyewe limeshakufa, akasema jino limekufa, fizi haijafa. Akapiga. Baada ya dakika chache mdomo wa chini upande wa kushoto, shavu na nusu ya ulimi vimehama, nagusa najiona kama namgusa mtu mwingine. Kasaga, kapiga chapa, kaniwekea kofia ya muda ya plastiki kwa gundi ya muda, akanionya: usitafunie upande huu, usile kitu cha kunata, bigijii, kashata, halua, marufuku mpaka ya kudumu ifike wiki mbili zijazo. Namuuliza ganzi inaisha saa ngapi, akasema masaa mawili mpaka manne hivi, inategemea na mtu.

Saa nane na robo nipo juu ya bodaboda Barabara ya Kilwa, upepo unanipiga, mate yanachuruzika pembeni na mi sina habari, mpaka yule dogo wa boda akageuka akaniuliza mzee mvua hii inatoka wapi. Kosta yetu ya kukodi ilikuwa inanisubiri pale Uhasibu. Dada yangu kunipa tu kanzu akanishika kidevu, we una nini? Nikamwambia nina ganzi. Kilichotoka ni "nina ganzi" vizuri tu, nikajipa moyo, nikasema naweza. Sikujua kwamba nimebahatika, hiyo sentensi haina M wala P wala B. Mdomo wa chini ukiwa haufungi jaribuni wenyewe kusema "mama", mtaona kinachotoka.

Tumefika, tumekaribishwa, mkeka, udi, wazee wa upande wa binti wamepangana ukutani. Mzee mkubwa wao ni Mpemba, mtu wa taratibu sana, na pembeni yake shangazi mtu mwenye daftari la faini. Kuna watu wanazaliwa kwa ajili ya kazi fulani, yule mama alizaliwa kwa ajili ya lile daftari. Tumechelewa dakika ishirini, faini elfu kumi, na hata hatujakaa vizuri.

Nikasimama. Maneno yangu ninayo, nimeshaposea watu wanne, kuna ile kwamba tulikuwa tunapita zetu tukaona ua zuri kwenye bustani yenu, tumekuja kwa heshima kuomba kulichuma. Sasa M imekufa, inatoka N.

"Wazee wangu," nikaanza, safi. "Tulikuwa tunahita zetu, tukaona ua zuri. Tunekuja kwa heshina zote... kulichuna."

Kimya. Mtoto mmoja dirishani akacheka. Shangazi mtu akavua miwani akaivaa tena. "Mmekuja kumfanya nini mtoto wetu?"

"Kunchuna, nana."

"Kumchuna!"

"Siyo kuchuna! KuchuNA!" Nazidi kukazana ndo inazidi kuharibika, na mate nayo yakachagua muda huohuo yakadondoka tii, juu ya bahasha ya posa, kwenye wino wa jina la baba wa binti. Ba'mdogo wake Rama, shemeji yangu, amejiziba uso na leso mabega yanatetemeka. Kule nyuma nasikia mama mmoja, mshenga kalewa huyu, mchana kweupe, na kanzu! Shangazi mtu anaandika haangalii hata daftari: kumchuna binti elfu hamsini, kumwita yeye nana elfu kumi, kulowesha bahasha elfu ishirini. La ulevi akasema ngoja kwanza, hilo halina bei.

Rama mwenyewe hayupo, kama mjuavyo muoaji habebi posa yake, ila dada yangu alinihadithia baadaye kwamba kila mtu alikuwa anamtumia meseji, dogo mjomba wako anakuharibia.

Aliyeniokoa ni yule mzee wa Kipemba. Akainuka polepole akanisogelea, akaniambia funua kinywa. Nikafunua, naona aibu kama mbuzi wa mnadani. Akanusa. Akanusa tena. Akawageukia watu wake akasema, "Huyu hajalewa. Huyu ananuka karafuu." Maana ile gundi ya muda ya meno imechanganywa na mafuta ya karafuu, na yeye kazichuma na kuzianika tangu utoto, huwezi kumdanganya. "Umetoka kwa daktari wa meno?" Nikatingisha kichwa mpaka kofia ikadondoka, ya kichwani nasema, ile nyingine ilikuwa bado. Watu wakacheka ikawa nafuu, barua akaisoma shemeji, posa ikapokelewa. Faini ya kuchuna haikufutwa.

Ningenyamaza hapo yangekuwa yameisha. Ila ikaletwa kahawa na halua, na siyo halua ya dukani, halua ya Wete, mzee kaagizia kwa ajili yetu, kanikatia mwenyewe kipande cha kwanza kanipa mkononi. Nimetoka kuitwa mlevi, sasa nikatae halua? Nikasema natafunia kulia. Tatizo kinywa cha ganzi hakina kulia wala kushoto, wewe unatafuna tu Mungu ndo anajua wapi. Ikanata hasa, nikaona hii itaniua, nikatema kidogo kwenye kisahani kiujanja nikakisukuma pembeni nikasingizia kikohozi.

Shemeji yangu ana tabia moja, hawezi kuona chakula kimebaki. Nikamwona anachukua kisahani changu, nikafungua mdomo nimwambie usile, kilichotoka hata sijui ni lugha gani, na yeye kashatia mdomoni. Kwa!

Akatoa kitu, akakitazama, macho yakamtoka. "JINO LANGU! Nimevunjika jino!"

Jamani. Mkeka mzima umeinuka. Mmoja kawasha tochi ya simu, mwingine kamshika kichwa, mzee anamhesabia, la kwanza, la pili, shangazi mtu analaumu nani kaweka karanga kwenye halua, shemeji analia kwamba anasikia maumivu mpaka sikioni. Anasikia maumivu! Mi nimekaa kimya naupitisha ulimi taratibu kule kushoto, ile nusu ya ulimi yenye uhai, nakuta kisiki kitupu. Wakahesabu mara mbili, yake yote yapo.

Hapo nikanyoosha kidole juu kama mwanafunzi. "Ni langu."

Maneno mawili tu, ndo yaliyotoka safi kuliko yote niliyosema siku ile. Shemeji akatoka mbio kwenda uani, sauti tuliyoisikia huko siielezi. Shangazi mtu akafungua ukurasa mpya.

Jumatatu dokta akaigeuza ile kofia kwenye taa. Umekula nini? Nikamwambia wali. Akachokonoa kidogo kwa kile kichuma chake, akasema huu wali una hiliki. Akanibandikia tena, ya kauri ikaja baada ya wiki mbili, ipo mpaka leo na soda nafungua kwa opena kama watu wengine.

Harusi ilifanyika. Shangazi mtu kaja mwenyewe mezani kwetu na kisahani cha halua, kaniwekea mbele yangu, kasimama na mikono kiunoni anasubiri. Shemeji alikuwa kiti cha pili kutoka kwangu. Akachukua sahani yake na soda yake akahamia meza ya watoto.