Kwetu tulihesabu minazi, huku wanahesabu miaka

Jumatatu iliyopita nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Nilikwenda kwa jirani yangu hapa Jungutbatu, kisiwa cha Nusa Lembongan, karibu na Bali nchini Indonesia, kumuomba anikodishe kiwanja cha are mbili nyuma ya nyumba yake. Huku ardhi wanaipima kwa are, na are moja ni mita za mraba 100. Nilichokitaka ni pahala pa kusimamisha vyumba viwili, jiko na choo, basi. Pesa ninazo, nimezikusanya miaka sita kwa kufundisha wageni kuzamia. Nikamwambia nataka miaka 25, kama wanavyopewa wageni wengine.

Mwenyewe, sote tunamwita Ibu, yaani mama, alikuwa amekaa chini anafunga vipande vya mwani kwenye kamba. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Bli, kumi." Bli ni kaka kwa lugha yao ya Bali.

Nikambembeleza. Ishirini basi. Kumi na tano. Akakaza fundo, akaivuta kamba kwa kidole cha mguu, ndipo akanieleza. Mwanawe mdogo yuko darasa la tatu. Miaka kumi ijayo atakuwa kijana wa miaka 19, huenda akataka kuoa, na akioa atataka kujenga. "Nikikupa 25, yeye atajenga wapi?" Akaongeza kwamba kama mwanawe hatakuwa na haja na kiwanja wakati huo, tutakaa tuzungumze tena, na nyumba nitakayokuwa nimejenga itakuwa mali yao.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikamwambia mke wangu, huyu mama ananichezea. Usiku usingizi haukuja, na kilichonijia ni chaki.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 13. Walikuja watu wa mwekezaji mmoja kwa ami yangu kule Jambiani, kwetu Zanzibar, wakakubaliana naye, halafu mimi nikapewa kipande cha chaki nyeupe niwe naweka alama kwenye kila mnazi unaohesabiwa, usije ukahesabiwa mara mbili. Nilijiona mkubwa siku ile. Nilitia alama minazi 17. Ami akalipwa kwa hesabu ya minazi, akaweka dole gumba, watu wakanywa madafu wakaondoka. Pesa ile iliezeka nyumba kwa mabati, ikanunua vespa, ikaisha kabla mabati hayajashika kutu. Kaburi la babu limebaki ndani ya ukuta. Tukitaka kwenda kumsomea tunamuomba mlinzi wa geti, na tunapita akipenda.

Hakuna aliyemuuliza ami wanawe watajenga wapi. Wala mimi na chaki yangu sikuuliza.

Hilo ndilo linalonikereketa. Kwetu tulihesabu minazi, huku wanahesabu miaka. Bei ya ardhi ya kukodi hapa Lembongan husemwa kwa are moja kwa mwaka mmoja. Mtu akitaka miaka mingi anazidishiwa, analipa kwa mkupuo, na muda ukikatika ardhi inarudi kwa mwenyewe pamoja na kilichojengwa juu yake. Ibu hakwenda skuli zaidi ya darasa la sita, lakini hesabu hiyo anaijua kichwani. Anajua shilingi ngapi, na anajua lini.

Najua mtakaloniambia, watu wa kwetu. Nimeshalisikia kwenye simu kutoka kwa ndugu zangu wa damu: "Wewe umeshakuwa mtu wa huko, unatuona sote wajinga." Sikilizeni. Mama yangu alilima mwani tangu ulipoanza kwetu mwaka 1989, nami nimebebwa mgongoni mwake kwenye maji kupwa. Siwezi kuwaona wajinga watu walionilea kwa mikono iliyopasuka kwa chumvi. Na ami yangu hakuwa mjinga. Aliuza minazi kwa sababu minazi ndiyo aliyokuwa nayo kwenye karatasi. Ardhi yetu ni ya umma, sheria ya mwaka 1992 imesema hivyo, na kabla yake ilikuwa hivyo tangu 1964. Ukilipwa mti umelipwa, na chini ya mti huna dai. Mkataba wa yule mwekezaji ameupata serikalini, miaka 33 na nafasi ya kuongezwa mpaka 99. Ukifika mwisho, mwaka 2097, ardhi hairudi kwa watoto wa ami. Haikuwahi kuandikwa kwamba ilitoka kwao.

Huku sheria yao ya ardhi ni ya mwaka 1960, na ndani yake kuna haki inayoitwa Hak Milik. Lisomeni neno lenyewe: haki, milki. Nilipoletewa rasimu ya mkataba nilidhani nitahitaji mkalimani kwa kila mstari, kumbe maneno mazito yote yalikuwa ya kwetu. Hak. Milik. Waris. Wakil. Izin. Hukum. Palipoandikwa "ahli waris" sikuhitaji kuambiwa kuwa ni warithi, na kwamba Ibu akifa kesho, mkataba wangu unabaki na wanawe. Nilikaa kwenye kibaraza nikawa nasoma kwa sauti na mke wangu anacheka kwa raha. Maneno hayo yalitufikia sote kwa bahari moja, kwao yakakaa kwenye karatasi ya kiwanja cha mwanamke anayefunga mwani.

Hak Milik ni ya raia wa Indonesia peke yake. Mimi siwezi kuipata hata niwe na mfuko wa namna gani. Hata mgeni akiirithi, sheria inampa mwaka mmoja aiachie. Ninachoweza ni kukodi, au kupata haki ya kutumia, Hak Pakai, kwa masharti yake na kwa kuwa nina kibali cha kuishi. Rafiki zangu wageni wananung'unika sana kuhusu jambo hili. Wanasema nchi haimtaki mwekezaji. Mimi nikikaa nao nanyamaza, kwa sababu nikisema nilivyo moyoni tutakosana: nimefurahi kunyimwa. Nimeishi maisha yangu yote upande wa wanaoombwa waondoke, na sasa nimeona kijiji ambacho anayeombwa asubiri ni mgeni, na mgeni mwenyewe ni mimi.

Haya, na nyinyi mnaosema Indonesia si pepo, kweli si pepo. Wapo wageni wanaoandikisha ardhi kwa jina la mwenyeji, mchumba au dereva wao, jambo ambalo sheria inalibatilisha, na hata hivyo linafanyika kila siku. Wapo wenyeji waliouza moja kwa moja kwa matajiri wa Jakarta, na hao ni raia, sheria haiwazuii. Kusini mwa Bali mashamba ya mpunga yanageuka majumba ya wageni. Lombok, ng'ambo ya maji, wamejenga njia ya mashindano ya pikipiki Mandalika, ikafunguliwa 2021, na mpaka leo kuna watu wa pale wanaolia kwamba ardhi yao haikulipwa sawa. Hapa hapa Jungutbatu kanuni ya kuacha mita 100 kutoka maji yanapojaa inavunjwa wazi, nyumba za wageni zimejipanga ukingoni mpaka mawimbi yanagonga ukuta. Maji ya visima yana chumvi. Taka hatujui pa kuzitupa. Ninayajua yote haya kwa sababu naishi nayo.

Lakini nyinyi mnayataja ili mazungumzo yaishe, nami sitaki yaishe. Mkiambiwa "wenzetu wanahesabu miaka", mnajibu "na wao wana taka". Taka zao zimekujaje kwenye kaburi la babu yangu?

Niwape jambo moja nililosimuliwa hapa na kila mtu, kwa sababu kila mtu alilipitia. Kabla ya 2020 mwani ulikuwa umekaribia kufa Lembongan. Utalii ulikuwa unalipa, vijana wakaacha kamba wakaingia kwenye boti na mahoteli, bahari mbele ya kijiji ikabaki vigingi vitupu. Ukaja ugonjwa, viwanja vya ndege vikafungwa, boti kutoka Sanur kule Bali zikaja bila abiria, halafu hazikuja kabisa. Ndani ya miezi michache watu walikuwa wamerudi majini na kamba zao. Waliweza kwa sababu pahala pa kuanikia bado palikuwa pao. Ibu alitandika turubai pale pale ninapotaka kujenga mimi, akaanika mwani, akalisha nyumba ya watu saba.

Kwetu pia mama zetu walirudi majini, na wengine hawakuwahi kutoka. Lakini waulizeni wanaanika wapi. Waulizeni wanapita wapi kufika pwani, na wanaambiwa nini wakipita mbele ya vitanda vya jua na gunia kichwani. Mwani wao na wa Ibu ni jamii ile ile, spinosum na cottonii, unafungwa kwa fundo lile lile, nilimfungia Ibu fungu zima siku moja akashangaa nimejulia wapi. Nilimwambia kwa mama yangu. Sikumwambia kwamba mama yangu anaanika barabarani.

Na si sheria tu. Kijiji chenyewe hapa kina sauti. Wana kanuni zao za mila zilizoandikwa, wanaziita awig-awig, na ipo ardhi ya kijiji na ya hekalu ambayo haiuzwi kwa bei yoyote. Mara moja kwa mwaka wanaipumzisha bahari, siku nzima, boti haitoki, na hoteli kubwa na ndogo zinatii. Mimi nakosa ujira wangu wa siku ile na nakaa nyumbani na mwanangu kwa heshima. Nasi tunayo hayo, msiseme hatuna. Tuna wakfu. Bibi yangu aliwahi kuniambia kwamba mti wa wakfu hata tawi lake hulikati bila kuuliza. Tuna sherehe ya mwaka kogwa Makunduchi, ambapo siku hiyo hakuna mkubwa anayewaambia watu wasipite. Tunajua kukataa. Nikifikiri hivyo najivunia kwetu mpaka machozi yananilenga, halafu nikifikiri chaki nataka kupiga meza.

Jumatano nilirudi kwa Ibu nikamwambia nimekubali kumi. Rupia milioni sita kwa are kwa mwaka, are mbili, jumla milioni 120, na mthibitishaji wa mikataba ataandika. Kabla hatujapima, alileta kikasha kidogo cha jani la mnazi chenye maua na wali, akakiweka kwenye pembe ya kiwanja, akawasha ubani. Mwanawe akashika ncha moja ya futi ya kupimia, mimi nyingine. Akasoma namba kwa sauti, na kila tukifika pembe akachomeka kijiti.

Sasa nawaandikia nyinyi, na hasa dada zangu, ambao wamenitumia ujumbe mara tatu mwezi huu kuhusu kile kiwanja cha nyuma ya kisima. Kimebaki hicho tu, minazi tisa. Kuna mtu amekuja na pesa mkononi, na mnataka jibu langu. Haki ya kutumia tunayo, imeandikishwa kwa jina la mama, kwa hiyo safari hii hatuna sababu ya kuuza miti. Akikitaka, mwambieni miaka kumi, kodi kwa mwaka, njia ya kwenda pwani ibaki wazi, majina ya watoto wetu wote yaandikwe, na mkataba upitie Kamisheni ya Ardhi. Akisema kumi ni michache, mwambieni Salma yuko darasa la pili.