Mhadhara wa Saa Mbili Usihamishiwe Zoom

Kabla muhula haujafunguliwa, kila mhadhiri wa Dar es Salaam anayepanga kufundisha mtandaoni afanye hesabu hii. Video inayotumia kilobiti 1,000 kwa sekunde, ubora wa kawaida tu, inakula MB 450 kwa saa. Mwanafunzi ana masomo matano, kila moja saa mbili kwa wiki, kwa wiki 15. Jumla ni GB 67.5. Sauti peke yake, ikirekodiwa kwa kilobiti 32 na chaneli moja, inakula MB 14.4 kwa saa. Kwa muhula mzima haifiki hata GB 2.2.

Mwanafunzi aliyepanga chumba Mbagala au Kimara anajinunulia bando mwenyewe. Akitoka kwenye kipindi dakika ya 20, tusikimbilie kusema hana nidhamu. Tumempangia kipindi asichoweza kukilipia.

Halafu, hata angekuwa na bando la kutosha, mhadhara mrefu wa video una kasoro nyingine. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua mara milioni 6.9 ambazo video za kozi nne za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, zilitazamwa. Muda wa kati wa kutazama haukuvuka dakika 6, hata video iwe ndefu namna gani. Utafiti ule ulipima kutazama, haukupima kuelewa, kwa hiyo tusiubebeshe mzigo usio wake. Lakini unatosha kutuambia tukate mhadhara vipande vya dakika 6 hadi 8, kila kipande hoja moja. Kipande cha sauti cha dakika 8 kwa kipimo nilichotaja hakifiki MB 2, na CR (mwakilishi wa darasa) anakirusha kwenye kundi la WhatsApp bila mtu kulalamika. Slaidi ziende pembeni kama PDF. Picha zake zipunguzwe kwanza, maana picha tano zilizopigwa kwa simu na kubandikwa zilivyo zinatosha kuifanya PDF iwe nzito kuliko kipande chenyewe cha sauti.

Saa ya kukutana, iwe darasani au Zoom, ibaki ya maswali na mazoezi.

Ninachokipigania hasa ni majaribio mafupi ya kila wiki. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi matini. Wengine wakairudia kusoma, wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Hapo ndipo mtandao unapomsaidia mhadhiri mwenye darasa la watu 400, kwa sababu hakuna anayeweza kusahihisha karatasi 400 kila wiki, ila Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, inaweza.

Jaribio lenyewe liwe la maswali 10, yanayochotwa bila mpangilio kutoka benki ya maswali 40 au zaidi, ili majirani wawili hosteli wasipate karatasi moja. Lipewe dakika 15, lakini dirisha libaki wazi saa 24. Kosa ninaloliona likirudiwa ni kulifungua jaribio kwa nusu saa tu, darasa zima kwa pamoja: seva inaelemewa, umeme ukikatika mtaa fulani kundi zima linapoteza alama, na wiki inayofuata inaishia kwenye barua za malalamiko. Maswali yagawanywe kurasa mbili au tatu, si yote ukurasa mmoja, kwani kila anapohamia ukurasa mwingine majibu yanatumwa. Jaribio likiisha muda, mpangilio uwe wa majibu kujikusanya yenyewe, ili ambaye hakuwahi kubofya asipoteze alama. Alama ziwe chache, moja au mbili kwa jaribio, na yahesabiwe bora manane kati ya kumi.

Kuna na suala la saa, linaloonekana dogo. Moodle inasoma saa 24. Mhadhiri akiandika mwisho ni Ijumaa 00:00, mfumo unafunga usiku wa kuamkia Ijumaa, ilhali wanafunzi wengi wameelewa Ijumaa usiku. Weka 16:00, kisha kwenye tangazo andika kwa maneno: Ijumaa, saa 10 alasiri. Muda huo si usiku wa manane, na mfumo ukigoma ni rahisi zaidi kumpata fundi wa TEHAMA wa kupigiwa.

Kabla ya kulitangaza, jaribio lifunguliwe kwenye simu ya kawaida ya Android, kwa data ya laini, si Wi-Fi ya ofisini. Milinganyo iliyobandikwa kama picha mara nyingi haisomeki kwenye kioo kidogo. Iandikwe upya kwa kihariri cha Moodle chenyewe.