Kigimbi kikikaza usiku, anza na kisigino

Kigimbi kikikaza ghafla usiku, mwili wenyewe hukushawishi ujinyooshe na kuelekeza vidole vya mguu mbele. Usifanye hivyo. Msuli tayari umejikunja hadi mwisho wake, na vidole vikienda mbele unazidi kuufupisha, ndiyo maana maumivu hupanda badala ya kushuka. Fanya kinyume chake: nyoosha goti kabisa, kisha vuta vidole vije upande wa muundi, ushikilie hivyo kwa sekunde 30 hivi. Mkono usipofika, pitisha taulo chini ya unyayo, karibu na mashina ya vidole, uvute ncha zake mbili taratibu. Anayeweza kusimama asimame, akanyage sakafu kwa kisigino chote na kuuegemea mguu huo, lakini ashike kitu imara; mguu uliokaza humwangusha mtu kirahisi gizani. Ukikaza nyuma ya paja, kaa, nyoosha goti na uinamie mbele. Ukikaza unyayo, simama tu juu yake. Msuli ukishaachia, ukande na uuwekee kitu cha uvuguvugu. Kigimbi kinaweza kubaki na maumivu siku nzima, na hilo peke yake lisikutie hofu.

Nimeanza na hayo kwa makusudi, kwa sababu ushauri mwingi kuhusu tatizo hili huanza na vidonge. Kwa maoni yangu mpangilio huo umepinduliwa. Kinachokaza ni msuli, lakini amri hutoka kwenye neva inayouongoza, ambayo hufyatua ishara mfululizo bila kutulia. Ukilala chali chini ya shuka zito, au kifudifudi, nyayo hulala zimeelekea chini na kigimbi hukaa kimefupika kwa saa nyingi. Msuli uliofupika namna hiyo hukazwa na ishara ndogo tu. Umri nao una mchango: neva za misuli hupungua kadiri miaka inavyosonga, na misuli isiyonyooshwa hufupika. Ndiyo sababu tatizo hili huwaandama zaidi watu waliovuka miaka 50, na pia wajawazito, hasa miezi ya mwisho. Kisukari, figo zinazosafishwa kwa mashine, ini lililosinyaa na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri vyote vinaweza kuchangia. Hata hivyo, kwa watu wengi hakuna ugonjwa wowote unaopatikana.

Sasa magnesiamu, kidonge cha madini kinachopendekezwa kuliko vyote. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2020 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalionyesha kuwa kwa watu wazima wenye umri mkubwa haielekei kuleta nafuu ya maana. Kwa wajawazito matokeo yanapingana. Wapo wanaoapa kwamba iliwaponya, nami siwabezi, lakini tatizo hili huja na kupotea lenyewe, kwa hiyo chochote ulichokunywa wiki iliyokuwa mbaya kitaonekana kimefanya kazi wiki inayofuata. Mwenye figo dhaifu asijaribu bila daktari, kwani magnesiamu hujikusanya mwilini.

Dakika tatu za kunyoosha miguu kabla ya kulala zinastahili nafasi ya kwanza. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2012, kwa watu 80 waliozidi miaka 55, uliwapa zoezi la kunyoosha vigimbi na nyuma ya mapaja kila usiku kwa wiki sita, na idadi ya mikazo ilipungua wazi ukilinganisha na wasiofanya. Utafiti mwingine wa kabla yake haukuona faida hiyo, kwa hiyo simwahidi mtu kwamba atapona. Lakini zoezi ni bure na halidhuru.

Simama ukitazama ukuta, weka viganja ukutani, rudisha mguu mmoja nyuma na uegemee mbele mpaka uhisi kigimbi kikivutika. Shikilia sekunde 10 hadi 30, pumzika kidogo, rudia mara tatu, kisha badilisha mguu. Zoezi huharibikia kwenye mambo madogo. Kisigino cha nyuma kikiinuka hata kidogo, kigimbi hakivutiki. Vidole vikigeukia nje, mvuto huhamia pembeni. Kudundadunda hufanya msuli ujikaze kujilinda. Goti la nyuma liwe limenyooka. Halafu rudia ukiwa umelikunja kidogo, maana kigimbi kina misuli miwili na ule wa ndani hufikiwa goti likikunjwa. Vipe vigimbi wiki sita kabla ya kuhukumu. Legeza pia shuka upande wa miguuni, na ukilala kifudifudi acha nyayo zining'inie nje ya godoro.

Kwinini, dawa ya zamani ya malaria, ni habari nyingine kabisa. Kwa kweli inapunguza mikazo kiasi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtu akiona nafuu huendelea. Inaweza kushusha ghafla chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kuvuruga mapigo ya moyo na kuharibu usikivu, na wapo waliofariki. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kali mwaka 2010 dhidi ya kuitumia kwa tatizo hili. Kuhatarisha maisha kwa sababu ya kigimbi hakukubaliki.

Kabla ya kununua chochote, tazama dawa unazotumia tayari. Dawa za kukojosha anazopewa mwenye shinikizo la damu, na dawa za kuvuta za pumu zinazofanya kazi kwa saa nyingi, zimehusishwa na mikazo ya usiku. Za kupunguza kolesteroli pia, kwa kiwango kidogo zaidi. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Andika tarehe uliyoanza kila dawa na tarehe mikazo ilipoanza, umpelekee daktari karatasi hiyo.

Na si kila maumivu ya mguu usiku ni mkazo. Kwenye mkazo, kigimbi huwa kigumu kama jiwe ukikigusa. Hamu isiyovumilika ya kuchezesha miguu, bila msuli kuwa mgumu, ni tatizo tofauti lenye tiba tofauti. Maumivu yanayokuja ukitembea na kutulia ukisimama huashiria damu haifiki vizuri miguuni. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na maumivu hayaachii hata ukinyoosha, huenda damu imeganda kwenye mshipa: usiukande, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukianza pia kukosa pumzi au kuumwa kifua, hiyo ni dharura ya dakika ileile.