Prohaska Si Mabao Tisa ya Valencia

Juzi redioni mchambuzi mmoja alikuwa anataja vipigo vikubwa vya timu za taifa za Ulaya. Alipofika kwa Herbert Prohaska, aliyekuwa kocha wa Austria, akammaliza kwa sentensi moja: huyu ndiye kocha aliyefungwa tisa na Hispania. Mtangazaji akacheka, wakaenda kwenye matangazo. Hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Tisa alifungwa kweli. Ilikuwa Valencia, Machi 27, 1999, mechi ya kufuzu Euro 2000. Raúl peke yake alitupia manne, na mpaka mapumziko tayari yalikuwa matano. Prohaska akajiuzulu. Kipigo cha namna ile hakina utetezi wowote.

Lakini anayeanzia hadithi Valencia atuambie pia timu ile ilikuwa wapi kabla yake. Septemba 1990 Austria ilifungwa 1-0 na Visiwa vya Faroe, timu ya wachezaji wa ridhaa iliyokuwa ikicheza mechi yake ya kwanza kabisa ya mashindano! Aibu ile ilikuwa bado mbichi Prohaska alipokabidhiwa timu ya taifa mwaka 1993, akitoka kutwaa ubingwa wa ligi mara mbili mfululizo na klabu ya Austria Wien ya Vienna, 1991 na 1992. Alianza kwa kusuasua, na Euro 1996 akaikosa. Kisha akaijenga timu hadi ikaongoza kundi lililokuwa na Scotland na Sweden, Sweden ile iliyoshika nafasi ya tatu duniani mwaka 1994. Hao wakaenda Kombe la Dunia, Ufaransa 1998.

Tuliokuwa tukiishangilia Kameruni tunaikumbuka Toulouse. Pierre Njanka alipangua mabeki akafunga bao la kusimulia wajukuu, tukajua mechi imekwisha, na Toni Polster wa Austria akasawazisha dakika za nyongeza. Mechi iliyofuata Vastić akaifanyia Chile vilevile. Hata dhidi ya Italia, walipolala 2-1, bao lao la penalti kupitia Herzog lilikuja dakika za nyongeza. Walitolewa hatua ya makundi, sawa. Lakini timu inayopigana mpaka filimbi ya mwisho, mechi tatu mfululizo, ina kocha, na huyo kocha hakutajwa redioni.

Wala hakutajwa kama mchezaji. Oktoba 1977 kule Izmir, Austria ikihitaji ushindi dhidi ya Uturuki, kiungo huyu mwenye nywele za kujikunja aliugusa mpira kwa ncha ya kiatu, ukajikokota hadi wavuni. 1-0, na Austria ikarudi Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1958. Akaenda Inter, kisha Roma ya kocha Liedholm. Mwaka 1983 Roma ikatwaa ubingwa wa Italia iliokuwa ikiusubiri tangu 1942, na kila mtu anamkumbuka Mbrazili Falcão. Klabu ziliruhusiwa wageni wawili tu: mmoja Falcão, mwingine Prohaska. Alipoletwa Mbrazili mwingine, Cerezo, Prohaska ndiye aliyepisha. Alirudi Austria Wien akabeba ubingwa mara tatu mfululizo.

Kuna doa moja ambalo mimi kama Mwafrika siwezi kulifumbia macho: Gijón, Kombe la Dunia la 1982 kule Hispania. Alikuwa uwanjani siku Austria na Ujerumani Magharibi walipopigiana pasi za kupoteza muda baada ya bao la Mjerumani Hrubesch lililowatosha wote wawili, ili Algeria itolewe. Mchambuzi angelisema hilo, ningenyamaza, maana pale Waalgeria walidhulumiwa haki yao.

Hakulisema. Alichagua usiku mmoja wa Valencia. Na baada ya kocha huyo anayechekwa kuondoka, Austria ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kukanyaga Kombe la Dunia.