Nataka Kusomwa, Kiki Sitaki

Mtu akikuambia anaandika kwa ajili ya nafsi yake tu, muulize kwa nini basi haandiki kwenye daftari akalifungia kabatini. Anayechapisha anataka kusomwa. Mimi nataka, tena sana. Asubuhi kabla ya chai nachungulia idadi ya waliopita kwenye ukurasa wangu, na siku wakiwa wachache chai yenyewe haina ladha. Sioni haya kulisema.

Ila kusomwa ni jambo moja na kuvuma ni jingine, na hapa Nairobi tumeyachanganya mpaka mtu akianza kuandika leo, kesho anaulizwa ana wafuasi wangapi. Haulizwi anaandika nini. Mwanasiasa akiteleza ulimi saa mbili asubuhi, kufikia saa sita mchana kila mwenye simu na bando anatakiwa awe na msimamo. Ukisubiri kesho ufikirie kidogo, habari imeshachacha na watu wamehamia kwa msanii aliyeachwa na mchumba. Ndiyo maana kiki, yaani kusaka umaarufu wa haraka, ina wateja: haihitaji ujue lolote, inahitaji uwahi.

Nina rafiki anayeishi kwa kazi hii, na huniambia bila kupepesa macho: "Ndugu yangu, una kalamu nzuri lakini huna njaa." Ananishauri nipige video za dakika moja, nichokoze watu, vichwa vyangu vya habari viwe vya kutekenya. Simlaumu. Yeye kodi ya nyumba inatoka humo humo kwenye watazamaji. Mimi nina ajira inayonilipa mwisho wa mwezi, kwa hiyo ni rahisi kwangu kujifanya mtakatifu. Serikali nayo inajua humo kuna pesa. Muswada wa Fedha wa 2023 ulitaka wanaolipwa kwa maudhui ya mtandaoni wakatwe asilimia 15, na baada ya kelele sheria ikatoka na asilimia 5. (Asilimia 5 ya mapato yangu ya uandishi, KRA, watoza kodi wetu, waje wachukue wakati wowote. Nitawapikia na chai.)

Sasa kwa nini naandika? Kwa sababu ya Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kwa kifupi. Mitaa iliyowalea wazazi wetu inaondoka na hakuna anayeandika kilichokuwamo. Pangani ya zamani ilibomolewa, leo kuna maghorofa. Muthurwa na Makongeni zilikuwa za wafanyakazi wa reli, na mwaka 2025 watu wa Makongeni walihamishwa kupisha mradi wa nyumba za bei nafuu. Kaloleni ingali imesimama, na ukumbi wake uliwahi kufanyiwa mikutano mingi ya siasa enzi za ukoloni hata ukabandikwa jina la House of Commons, bunge la Waingereza. Ukimuuliza kijana anayepita Jogoo Road kila siku, wengi hawalijui hilo. Na watalijuaje? Vitabu vya historia vinakupa majina ya waliohutubia. Waliopanga viti, waliokuwa wakibishana nje mlangoni, na akina mama waliowapikia, hao hawana ukurasa.

Niliandika kuhusu Makongeni, jinsi majirani walivyogawana bomba la maji na nani alikuwa na redio ya kwanza. Haikuvuma hata kidogo. Lakini mama mmoja aliyekulia huko akaniandikia ujumbe mrefu, akinitajia jirani zake mlango kwa mlango, nani alikuwa fundi wa injini, nani alikuwa karani, nani alipiga gita Jumamosi. Nikauchapa, nikaupeleka kwa wazee wengine, nao wakaongeza ya kwao. Leo ninacho kitu kama ramani ya safu nzima ya nyumba ambazo hazikaliwi tena. Niliwahi pia kuandika kuhusu ugomvi wa wasanii wawili, wasomaji wakamiminika kama mvua ya Aprili. Mwezi uliofuata hakuna aliyebaki, na hakuna aliyeniongezea neno.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisiuamini huu mchezo wa namba. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana aliyekuwa akiandika mtandaoni, alikamatwa kwao Homa Bay kwa kuhusishwa na chapisho lililomtaja naibu wa Inspekta Jenerali wa Polisi. Akaletwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani; daktari wa serikali aliyefanya uchunguzi wa maiti akakuta majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Wakenya wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza siku hiyo. Wenye nguvu, basi, husoma hata kurasa ambazo sisi tunaziita ndogo. Wao hawasubiri neno livume ndipo walione lina uzito, lakini sisi tunasubiri.

Ukiniuliza ningependa wasomaji wengi zaidi, nitakujibu ndiyo hata kabla hujamaliza swali. Ningependa watu wa Umoja, Kayole na Dandora wasome kuhusu mitaa yao kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha ripoti za wafadhili. Nimeanza hata kurekodi sauti za wazee, na hapo nakiri rafiki yangu mwenye njaa amenishinda hoja: sauti ya mzee akicheka inafika mahali aya zangu hazifiki. Amejitolea kunifundisha kuzihariri. Tumekubaliana vichwa vya habari nitaviandika mimi mwenyewe, na kuhusu hilo bado tunagombana.